Madhara ya Tiba ya Mwanga kwa Mtoto Mchanga Mwenye Manjano: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake mchanga analazwa chini ya taa za bluu, swali la kwanza huwa hilohilo: mwanga ule hautamdhuru? Swali ni la haki, na linastahili jibu la kweli. Ndiyo, tiba ya mwanga ina madhara yake. Mengi ni madogo na huisha taa zikizimwa. Machache yanahitaji daktari ayafuatilie kwa vipimo, na mawili matatu hutokea kwa nadra sana. Lakini bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu yake, ikiachwa ipande kupita kiasi inaweza kuingia kwenye ubongo, na uharibifu wake hauponi: mtoto anaweza kubaki kiziwi au na ulemavu wa kushindwa kutawala misuli yake maisha yake yote.

Ninachoona mara kwa mara ni kwamba mzazi aliyeogopeshwa na madhara huomba taa izimwe mapema, au humtoa mtoto kila anapolia, na yule asiyeambiwa chochote hukaa pembeni akidhani hana kazi ya kufanya. Wote wawili wanampunja mtoto. Madhara mengi huonekana kwanza na aliyeketi karibu na kitanda, na hudhibitiwa palepale. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa jinsi mambo yanavyokwenda, kuanzia kabla ya taa kuwashwa hadi wiki za nyumbani.

Mwanga unafanya nini mwilini

Bilirubini ni rangi ya manjano inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga huzaliwa na chembe nyingi, chembe zake huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima, na ini lake bado halijakomaa kuisindika rangi hiyo. Ndiyo maana karibu watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi tumboni, na karibu 8 kati ya 10 waliozaliwa njiti, hupata manjano katika wiki ya kwanza. Wengi wao hawahitaji tiba yoyote.

Kwa wanaohitaji, mwanga wa bluu wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 460 na 490 hupenya ngozi na kuibadili bilirubini umbo. Ikishabadilika, huyeyuka kwenye maji na kutoka kupitia nyongo na mkojo bila kusubiri ini liisindike. Shika hapo, kwa sababu madhara mengi ya kawaida yanaanzia hapo: takataka nyingi kuliko kawaida inatolewa kupitia choo na mkojo, ngozi iko wazi, na mwili unapoteza maji.

Tiba hii si ngeni. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi aliyeitwa Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto njiti nje wapate hewa na jua, na akagundua kwamba ngozi iliyopigwa na jua ilipungua manjano kuliko ile iliyofunikwa. Daktari Richard Cremer na wenzake walilifuatilia jambo hilo, wakatengeneza taa, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1958. Tangu hapo mamilioni ya watoto wamelazwa chini ya taa hizi, kwa hiyo madhara yake yanajulikana vizuri kuliko ya dawa nyingi.

Hatua ya 1: Uliza kabla taa hazijawashwa

Uliza kipimo cha bilirubini ni kiasi gani, na kiwango cha kuanzia tiba kwa mtoto wa umri wake ni kipi. Umri hapa huhesabiwa kwa saa, siyo siku. Namba ambayo si tatizo kwa mtoto wa saa 96 inaweza kuwa hatari kwa mtoto wa saa 30, au kwa mtoto njiti. Ukiijua namba ya kuanzia, utaelewa baadaye kwa nini taa zinaendelea au zinazimwa.

Uliza pia chanzo. Je, kundi la damu la mama na la mtoto yanapingana? Je, kuna upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinachozikinga chembe nyekundu za damu zisivunjike, katika familia? Manjano yaliyoonekana ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa hayahesabiwi kuwa ya kawaida hata kidogo, na mtoto huyo hupimwa haraka bila kusubiri kesho.

Jambo la tatu wazazi wengi hawalijui: bilirubini iko ya aina mbili, ile ambayo ini halijaisindika na ile iliyokwisha kusindikwa lakini ikakwama njiani. Mwanga unasaidia ya kwanza. Kama ya pili ndiyo iliyopanda, tatizo liko kwenye ini au mirija ya nyongo, na mtoto anaweza kupata badiliko la rangi nitakalolieleza chini. Uliza kama zote mbili zimepimwa.

Mwisho, mweleze daktari kama katika ukoo kuna ugonjwa wa porfiria, yaani ule wa ngozi kutoka malengelenge kwa kupigwa na mwanga, na umtajie dawa zote alizopewa mtoto. Mtoto mwenye porfiria ya kuzaliwa nayo haruhusiwi kuwekwa chini ya taa hizi kabisa, na zipo dawa zinazoifanya ngozi iungue kirahisi kwa mwanga. Ni nadra, ila swali lenyewe linachukua dakika moja.

Hakikisha mtoto amepimwa uzito na joto kabla ya kuanza. Bila namba za mwanzo hutajua kama amepungua.

Hatua ya 2: Macho, na pua pia

Mwanga mkali ukimwingia mtoto machoni kwa saa nyingi unaweza kudhuru retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa hiyo macho hufunikwa. Hilo kila mtu analijua. Kisichozungumzwa sana ni kwamba kifunika macho chenyewe ndicho kinacholeta usumbufu mara nyingi zaidi.

Kitazame kwa karibu. Mtoto akigeuza kichwa mara tatu nne, kitambaa huteleza. Kikipanda juu, jicho moja hubaki wazi. Kikishuka, hukaa juu ya pua, na mtoto mchanga hupumua kwa pua. Hawezi kukiondoa kwa mkono wake. Kwa hiyo usikague macho tu. Pitisha kidole chako kuanzia juu ya nyusi hadi puani na uone pua yote iko wazi. Fanya hivyo kila unapomtazama, hasa baada ya kulia kwa nguvu.

Kisikaze sana wala kisilegee. Kabla ya kukivaa, hakikisha kope zimefumba, maana kitambaa kikigusa jicho lililo wazi hulikwaruza. Kila wakati wa kunyonyesha kivue, yafute macho kwa pamba safi yenye maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja kwa kila jicho, na uangalie kama kuna tongotongo za kijani au za njano, wekundu, au kuvimba. Ukiona hayo mwite muuguzi siku hiyohiyo, kwa sababu uchafu na joto chini ya kitambaa huleta maambukizi. Na umwache mtoto akutazame kidogo akiwa kifuani kabla ya kumfunika tena.

Hatua ya 3: Joto la mwili

Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chini ya taa mtoto anaweza kwenda pande zote mbili. Taa za zamani za mirija na zile za halojeni hutoa joto jingi, hivyo mtoto hupanda. Taa za LED hazitoi joto kiasi hicho, na mtoto aliyebaki na nepi tu katika chumba cha baridi anaweza kupoa, hasa akiwa njiti.

Joto lipimwe kwa kipimajoto kila baada ya saa 3 au 4, au kwa ratiba ya wodi. Kati ya vipimo, weka mkono wako kifuani au nyuma ya shingo yake. Viganja na nyayo hazikupi jibu, kwani huwa baridi hata kwa mtoto mzima wa afya.

Akipanda juu ya 37.5 usikimbilie kumtoa. Mwambie muuguzi, kwanza huangaliwa kama chumba kina joto, kama kitanda kimezungushiwa kitambaa kinachozuia hewa, au kama taa imesogezwa karibu mno. Joto lisiposhuka baada ya hayo kurekebishwa, mtoto achunguzwe maambukizi, kwa sababu taa isibebeshwe lawama ya homa ambayo chanzo chake ni kingine. Akishuka chini ya 36.5, kuta za kitanda hufunikwa kwa kitambaa cheupe, chumba huongezwa joto, na mara nyingi kumweka ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama humrudisha haraka. Usimfunike blanketi akiwa chini ya taa: ngozi iliyofunikwa haipati tiba.

Kuhusu umbali wa taa, usiusogeze mwenyewe. Kila mashine ina umbali wake. Zipo za LED zinazoruhusiwa kuwa karibu sana, na zipo za halojeni ambazo zikisogezwa hivyo huunguza.

Hatua ya 4: Maji na maziwa

Hapa ndipo ninapomwomba mzazi aweke nguvu zake zote, kwa sababu upungufu wa maji ndio dhara la kawaida lenye uzito, na ndilo linalozuilika kwa mikono ya mama kuliko mengine yote.

Mtoto hupoteza maji kwa njia tatu kwa mpigo: ngozi iliyo wazi, choo chepesi, na usingizi unaomfanya asinyonye. Bilirubini yenyewe humfanya mtoto awe mzito wa kuamka. Ukisubiri alie ndipo umnyonyeshe, unaweza kusubiri saa tano.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Akiwa amelala mwamshe: mvue kitambaa cha macho, mbadilishe nepi, msugue nyayo na mgongo, mweke ngozi kwa ngozi. Akisinzia titi likiwa mdomoni, libane titi taratibu ili maziwa yatiririke, au mbadilishe upande. Sikiliza kumeza. Mtoto anayevuta mara nyingi bila kusikika akimeza anajichosha bure. Mwombe muuguzi atazame jinsi alivyoshika titi.

Akishindwa kunyonya vya kutosha, kamua na umpe kwa kikombe kidogo au kijiko. Maziwa ya mama ndiyo ya kwanza. Ikiwa uzito umeporomoka au maziwa hayajaja, daktari anaweza kushauri kuongeza ya kopo kwa muda, na hilo lisikufanye ujione umeshindwa. Kama mtoto hawezi kula kabisa, atawekewa mpira wa kulishia au dripu.

Usimpe maji matupu, wala maji ya glukosi, wala kinywaji kingine chochote. Wazo la kwamba maji "yanasafisha manjano" limeenea sana na linawaumiza watoto. Bilirubini hutoka zaidi kwa choo, na choo kinatokana na maziwa. Maji hujaza tumbo dogo, mtoto anakosa hamu ya kunyonya, choo kinapungua, na bilirubini iliyoko kwenye utumbo inafyonzwa tena kurudi kwenye damu.

Andika kila kitu kwenye karatasi: saa aliyonyonya, nepi ya mkojo, nepi ya choo. Kuanzia siku ya tano hivi tarajia angalau nepi 6 zilizolowa kwa saa 24, mkojo ukiwa mwepesi wa rangi. Alama ya rangi ya matofali kwenye nepi katika siku mbili za kwanza si ya kutisha, lakini ikiendelea siku ya nne, mtoto hapati maziwa ya kutosha. Dalili nyingine za kukauka ni midomo na ulimi mkavu, utosi uliobonyea, mkojo wa njano iliyokolea, na kilio kisicho na nguvu. Mtoto apimwe uzito kila siku kwenye mzani uleule. Watoto wengi hupungua kidogo siku za mwanzo, ila akiwa amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, daktari lazima ajue na damu ipimwe, pamoja na chumvi zake.

Je, kumtoa kunyonyesha hakuharibu tiba? Kwa watoto wengi hapana. Mapumziko ya hadi dakika 30 kwa kila mlo yanaruhusiwa. Hali inabadilika pale bilirubini inapokaribia kiwango cha kubadilishwa damu, yaani kutolewa damu yake kidogo kidogo na kuwekewa nyingine: hapo mtoto huwekewa taa zaidi ya moja bila kukatizwa, na maziwa yaliyokamuliwa hupewa akiwa palepale. Uliza mtoto wako yuko kundi gani.

Hatua ya 5: Choo na vipele

Choo cha kijani, chepesi, cha mara kwa mara ndicho kitu kinachowashtua wazazi wengi. Kwa kweli ni habari njema: ile rangi ni bilirubini inayotoka. Badilisha nepi upesi, safisha kwa maji ya vuguvugu, kausha vizuri, kwa sababu choo hicho huchubua makalio. Kikiwa maji matupu mara nyingi mfululizo, au kina damu, hicho ni kitu kingine, mwite daktari.

Vipele vyekundu vidogo kifuani, tumboni na mgongoni navyo hutokea, na hupotea taa zikizimwa. Havihitaji dawa. Usipake mafuta wala losheni mwilini wakati wa tiba. Kama vipele vina usaha, au ngozi inatoa malengelenge au inaungua, taa izimwe na daktari aitwe mara moja.

Utaona pia ngozi inapoteza manjano upesi pale inapopigwa na mwanga, huku chini ya nepi na chini ya kifunika macho ikibaki ya njano. Usidanganyike na ule weupe ukadhani amepona. Macho ya mtu hayawezi kupima bilirubini ya mtoto aliyekaa chini ya taa. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachosema. Kwa kawaida damu hurudiwa saa 4 hadi 6 baada ya kuanza, kisha kila saa 6 hadi 12 kiwango kikishatulia. Kuchomwa kisigino mara nyingi kunauma na kunamuumiza mama pia, lakini usikatae. Mnyonyeshe wakati anachomwa, hupunguza maumivu.

Jambo moja dogo: mwanga wa bluu huficha rangi ya mtoto. Hutaweza kuona kama midomo imekuwa ya bluu kwa kukosa hewa. Ukiwa na wasiwasi na pumzi yake, mwombe muuguzi azime taa kwa muda amtazame kwenye mwanga wa kawaida. Na wewe mwenyewe, ukikaa saa nyingi ukiutazama mwanga ule unaweza kuumwa kichwa au kusikia kichefuchefu. Geuza kiti chako.

Hatua ya 6: Ngozi kugeuka rangi ya shaba

Mara chache sana ngozi ya mtoto, na hata mkojo wake, hugeuka kahawia iliyochanganyika na kijivu, kama rangi ya shaba. Hutokea hasa kwa watoto ambao bilirubini iliyosindikwa imekwama kwa sababu ya tatizo la ini au nyongo. Kuiona kunatisha. Rangi hiyo huisha yenyewe taratibu baada ya taa kuzimwa, ingawa inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kinachotakiwa ni uchunguzi wa ini. Na kama bilirubini ile nyingine bado iko juu kiasi cha hatari, taa haziachwi kwa sababu ya rangi.

Hatua ya 7: Yale ambayo mzazi hawezi kuyaona

Kiwango cha kalsiamu kwenye damu kinaweza kushuka wakati wa tiba ya mwanga, zaidi kwa njiti. Mara nyingi hakuna dalili. Zikitokea ni mtetemeko wa mikono na miguu, kushtuka kupita kiasi, au degedege. Mtetemeko ambao hautulii ukiushika mkono wake taratibu usiupuuze.

Kwa njiti wadogo sana kuna mengine mawili. Mshipa ulio karibu na moyo ambao hufunga baada ya kuzaliwa unaweza kuchelewa kufunga au kufunguka tena. Na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia karibu watoto 2,000 waliozaliwa na uzito usiozidi gramu 1,000, ulionyesha kwamba kuanza mwanga mapema na kwa nguvu kulipunguza ulemavu wa ukuaji, lakini kwa wale wa gramu 501 hadi 750 vifo vilionekana kuwa juu kidogo, ingawa tofauti hiyo haikuthibitika kitakwimu. Ndiyo sababu madaktari wa njiti hupima kwa uangalifu ukali wa taa. Kama mtoto wako ni wa uzito huo, una haki ya kuuliza wameamuaje.

Vipi kuhusu saratani na kifafa?

Nalijibu hili kwa sababu wazazi hulisoma usiku kwenye simu wakiwa peke yao. Mwaka 2016 zilitoka tafiti mbili kubwa kutoka California. Moja iliona ongezeko dogo sana la saratani za utotoni kwa waliotibiwa kwa mwanga. Nyingine, ilipozingatia tofauti nyingine za watoto hao, uhusiano ule ulififia kiasi cha kutothibitika. Kwa kifafa pia, tafiti za Denmark na Marekani zimeona uhusiano mdogo, zaidi kwa wavulana, bila kuthibitisha kwamba mwanga ndio uliosababisha.

Msimamo wangu ni huu: hatari hizo, hata kama zipo, ni ndogo mno zikiwekwa karibu na ubongo ulioharibiwa na bilirubini. Mtoto aliyefikia kiwango cha tiba atibiwe bila kusita. Lakini mtoto ambaye hajafikia kiwango hicho asiwekwe chini ya taa "kwa usalama tu". Mzazi anaweza kuuliza hilo kwa heshima, na daktari mzuri hatachukia.

Habari za kwamba mwanga huu humfanya mtoto awe tasa au kipofu hazina msingi, macho yakiwa yamefunikwa ipasavyo.

Jua si mbadala

Taa za hospitali hutoa mwanga wa bluu bila mionzi ya urujuanimno. Jua linatoa vyote: mwanga, mionzi inayounguza ngozi, na joto. Mtoto akianikwa juani anaungua, anakauka maji, au anapoa upepo ukivuma, na hakuna anayejua amepata kipimo gani cha tiba. Utafiti uliofanyika Nigeria na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jua linaweza kutumika likipitishwa kwenye karatasi maalumu zinazochuja mionzi na joto, wauguzi wakimpima mtoto joto muda wote. Dirisha la nyumbani si hilo. Ubaya mkubwa zaidi wa kuota jua ni siku zinazopotea huku bilirubini ikipanda.

Hatua ya 8: Kaa karibu

Kutenganishwa ni dhara pia, hata kama halionekani kwenye damu. Mama aliyejifungua juzi, maziwa yanaanza kuja, halafu mtoto yuko ndani ya sanduku la bluu amefunikwa macho: wengi hulia, na maziwa hupungua kwa huzuni na uchovu. Omba taa iwekwe kando ya kitanda chako kama inawezekana. Uliza kama kuna blanketi ya mwanga, ambayo mtoto hufungwa nayo huku umempakata. Pitisha mkono umshike mguu, zungumza naye. Sauti yako anaijua. Baba au bibi washike zamu ya kuandika nepi ili wewe ulale. Ukiona machozi hayakauki na huna hamu ya kitu chochote, mwambie mkunga.

Hatua ya 9: Baada ya taa kuzimwa

Taa huzimwa bilirubini ikishuka kwa kiasi kinachotosha chini ya kiwango cha kuanzia. Miongozo ya Marekani hutumia angalau miligramu 2 kwa desilita. Baada ya hapo bilirubini inaweza kupanda tena kidogo, hasa kwa njiti, kwa mtoto ambaye damu yake inavunjika kwa sababu ya kundi la damu au G6PD, na kwa aliyeanza tiba kabla ya kutimiza saa 48. Kwa hao miongozo hiyo hurudia kipimo kati ya saa 6 na 12 baadaye, kisha tena siku inayofuata. Usiondoke hospitalini bila kuandikiwa tarehe na saa ya kurudi. Kifaa cha kupima manjano kwa kugusa ngozi hakiaminiki mpaka zipite angalau saa 24 tangu taa zizimwe.

Mtoto mwenye upungufu wa G6PD awekwe mbali na naftalini, zile tembe za kufukuzia nondo kabatini, na nguo zilizohifadhiwa nazo zisimguse hata baada ya kufuliwa. Mama anayenyonyesha asinywe dawa bila kueleza hali hiyo.

Nyumbani, mtazame kwenye mwanga wa mchana. Bonyeza kidogo ngozi ya pua au paji la uso, uachie, uangalie rangi inayobaki. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi tazama weupe wa macho na ufizi.

Mrudishe hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, ukiona lolote kati ya haya:

- amezidiwa na usingizi, haamki kunyonya, au ananyonya kwa udhaifu;
- mwili umelegea, au umekakamaa huku shingo na mgongo vikipinda nyuma;
- analia kwa sauti nyembamba kali isiyo ya kawaida yake;
- ana homa, anakata pumzi, au ana degedege;
- manjano yanashuka hadi miguuni au yanakolea.

Hizo zinaweza kuwa dalili kwamba bilirubini inagusa ubongo, na hapo huenda akahitaji kubadilishwa damu, siyo taa peke yake.

Limebaki jambo moja la kufuatilia kwa wiki kadhaa. Manjano yanayoendelea kupita siku 14 kwa mtoto aliyetimiza miezi, au siku 21 kwa njiti, lazima yapimwe upya, hata kama ananyonya na kunenepa. Mara nyingi huwa ni manjano yasiyo na madhara ya watoto wanaonyonya maziwa ya mama. Lakini fungua kila nepi uangalie. Choo kilichopauka, cheupe au cha rangi ya udongo, pamoja na mkojo uliokolea unaotia doa nepi, huashiria mirija ya nyongo iliyoziba. Mtoto huyo anahitaji upasuaji, na matokeo yake huwa bora zaidi ukifanyika kabla ya siku 60 za umri. Piga picha ya nepi hiyo, uende nayo hospitalini siku ileile, na useme wazi kwamba unaomba bilirubini zote mbili zipimwe.